Mbuyu kwenye mchoro: kisa cha shamba la familia Kigamboni

Mchoro wa kwanza ulikuwa safi sana ukiutazama mezani. Viwanja 43, barabara za mita 10, kona zimekaa sawa, barabara ya kati imenyooka kutoka njia kuu mpaka bondeni. Tulipoupeleka shambani kuwaonesha wenye mali kabla haujaenda halmashauri, ndipo ikaonekana kwamba mstari wa katikati wa barabara hiyo unaingia kwenye shina la mbuyu upande mmoja na kutokea upande wa pili. Kampuni iliyochora ilitumia picha ya satelaiti ya kiangazi. Mbuyu wakati huo huwa umepukutisha majani yote, na ukiutazama kutoka angani hautofautiani sana na kichaka kilichokauka. Mchoraji hakuwa na nia mbaya. Hakuwahi kukanyaga pale, basi.

Mimi niliitwa na mjukuu wa marehemu mwenye shamba kuukagua mchoro huo, maana upimaji ndiyo kazi inayonilisha. Nakieleza kisa chenyewe kwa urefu kwa sababu mbuyu ule haukuwa na adui hata mmoja. Ndugu watano waliorithi shamba walitaka ubaki, majirani walitaka ubaki, mwenyekiti wa serikali ya mtaa naye hivyo hivyo. Na bado ulikuwa umebakiza muhuri mmoja tu ugeuke kizuizi cha barabara. Pembezoni mwa Dar es Salaam, kuanzia Bunju hadi Chanika hadi huku Kigamboni, miti mingi mikubwa ya mashambani inaondoka namna hii: hakuna aliyekaa akaamua ikatwe, ila mchoro umepitishwa bila yenyewe kuwemo, na siku greda linapofika hakuna tena wa kumuuliza.

Shamba

Ni ekari 9 kusini mwa Kigamboni, mbali na bahari kiasi cha kutosikia mawimbi ila upepo wa chumvi unafika. Juu kuna mikorosho na mihogo, bondeni mpunga masika yakikubali, mipakani minyaa. Marehemu babu alilipata kwa mjomba wake, kama Wazaramo wa zamani walivyorithishana. Watoto wake wamelirithi kwa mafungu ya Kiislamu, mwanamume mawili, mwanamke moja. Wanaume wawili, wanawake watatu, jumla mafungu saba. Hesabu hii itarudi.

Ukilitazama shamba kama hilo unadhani kila kitu ni cha asili, kumbe karibu mazao yote ni wageni. Mkorosho na muhogo vilitoka Amerika ya Kusini na kufika pwani yetu kwa merikebu za Wareno. Mwembe ulikuja na biashara ya Bahari ya Hindi kutoka Asia. Mbuyu na mkwaju ndio waliokuwepo kabla, na aliyefyeka pori lile mara ya kwanza aliukuta mbuyu akalima kuuzunguka. Hakuuacha kwa huruma. Mbuyu hautoi mbao, hautoi mkaa wa maana, na ndani yake ni nyuzinyuzi zilizojaa maji. Kuuangusha kwa shoka ni kazi isiyo na ujira. Ukiuacha unakupa ubuyu, unakupa gome la kusokotea kamba, unakupa kivuli cha kupigia korosho, na zaidi ya yote unakupa alama ya mpaka ambayo jirani hawezi kuihamisha usiku. Nimesoma karatasi nyingi za mauziano zilizoandikwa kwa mkono huku mashambani, "kuanzia mwembe wa fulani hadi kwenye mbuyu", na hizo ndizo zinazonipa usingizi. Zinazonitesa ni zile za "hadi kwenye mti mkubwa".

Tulipouzungusha utepe usawa wa kifua, shangazi wa yule mjukuu akishika ncha moja na mimi nikizunguka na nyingine, shina lilikuwa na mzingo wa mita 13.6. Upande wa mashariki kuna vigingi vya miti vilivyopigiliwa na warina asali wa zamani, vimepanda kama ngazi, vingine vimemezwa na shina kiasi cha kubaki kichwa tu. Chini yake kuna mkanda mpana wa gome laini, rangi yake si ya gome la kale. Hapo palichunwa kamba, gome likaota upya. Miti mingi ukiichuna hivyo inakufa. Na ukiparuza udongo kwa ncha ya kiatu kuzunguka shina unakutana na vigae vya vyungu.

Vigae hivyo vina maana. Pale ni mahame. Familia inasema kaya ilihamia kandokando ya barabara wakati wa Operesheni Vijiji miaka ya 1970, na kabla ya hapo watu walikuwa wakiishi chini ya mbuyu. Pwani nzima ndivyo ilivyo: penye mibuyu mikubwa iliyokusanyika, mara nyingi palikuwa na mji. Nenda Kunduchi ukaone makaburi ya nguzo yaliyopambwa bakuli za Kichina, mibuyu imesimama katikati yake. Nenda Kaole, Bagamoyo, hali ni ile ile.

Umri

Kikao cha kwanza cha familia nusu nzima kiliishia kwenye umri. Baba mkubwa wa mjukuu, ambaye ndiye msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na Mahakama ya Mwanzo, alisema mbuyu una miaka 1000. Baba mdogo akasema aliambiwa 500. Kijana mmoja akasema ngoja asome mtandaoni.

Ubishi huu ni wa zamani kuliko familia yao. Michel Adanson, Mfaransa aliyefanya utafiti Senegal katikati ya karne ya 18 na ambaye jina la kisayansi la mbuyu limetokana naye, alikadiria kwamba baadhi ya mibuyu ina zaidi ya miaka 5000. Alizidisha. Pete za mbuyu ni hafifu, na mibuyu mikubwa mara nyingi ina uwazi ndani, kwa hiyo huwezi kukata ukahesabu. Kipimo cha kuaminika ni cha kaboni, na watafiti wakiongozwa na Adrian Patrut wamekitumia kusini mwa Afrika kwa miaka mingi. Mbuyu wa Panke, Zimbabwe, ulikuwa na takriban miaka 2450. Kazi hiyo ilionesha jambo jingine: mbuyu mnene mara nyingi si shina moja bali mashina kadhaa yaliyoota kwa duara na kuungana, na lile pango la katikati ni nafasi ambayo haikuwahi kuzibwa. Kwa hiyo unene peke yake haukwambii umri. Mita 13.6 inaweza kuwa mzee sana, inaweza kuwa mashina matatu ya umri wa kati yaliyobanana.

Nikawaambia wauache umri kabisa. Halmashauri haitoi uamuzi kwa kuangalia umri wa mti, na ukienda pale na "miaka 1000" usiyoweza kuithibitisha, hoja zako nyingine zote zinaonekana za porojo. Kilichotakiwa ni kodineti za shina, yaani namba za mahali lilipo kwenye ramani, kipenyo cha matawi, picha za wakati wa majani na sababu ya kupindisha barabara. Baba mkubwa hakupenda. Miaka 1000 ilikuwa yake.

Utafiti huo wa Patrut niliuleta kikaoni kwa jambo lingine. Mwaka 2018 timu yake ilichapisha kwamba kati ya mibuyu 13 mikongwe kuliko yote waliyoijua Afrika, tisa ilikuwa imekufa, kabisa au kwa sehemu, tangu 2005, Panke ukiwemo. Wanashuku mabadiliko ya tabianchi, ingawa hawakuthibitisha. Kwa familia iliyozoea kuamini kwamba mbuyu haufi, habari hiyo iliwaketisha sawasawa.

Mti wa nani?

Shangazi, mdogo wa wale dada watatu, ndiye aliyekuwa akiangua ubuyu na kuuza Temeke tangu baba yake hajapoteza nguvu. Katika kikao cha pili alisema neno lililowakera kaka zake: "Shamba gawaneni mnavyotaka. Mbuyu ni wangu, baba alinipa."

Kwa desturi ya pwani, hasemi upuuzi. Waswahili walitenganisha ardhi na mti tangu zamani. Unaweza kumiliki minazi iliyo kwenye shamba la mwenzako, ukairithisha, ukaiuza, mwenye ardhi akalima chini yake. Zanzibar na Mafia mambo haya yanajulikana hadi leo. Sheria ya Ardhi ya 1999 inaona vingine: katika tafsiri yake, ardhi ni pamoja na vitu vinavyoota juu yake kwa asili. Anayepata hati ya kiwanja amepata na mbuyu wake. Kwa hiyo siku shamba linapopimwa na kukatwa viwanja, haki ya shangazi juu ya mti, ambayo kila mtu pale kijiweni angeishuhudia, inayeyuka bila mtu kuifuta. Hapa ndipo nilipoona kwamba kisa hakihusu barabara peke yake. Hata mchoro wa pili ungepindisha barabara, mbuyu ungeangukia ndani ya kiwanja cha mtu, na mtu huyo, baada ya miaka miwili akitaka gereji, angekuwa na haki zote.

Sheria nyingine tulizipitia moja moja na nitazitaja kwa haraka. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda kazi za mikono ya watu za kabla ya 1863. Vigae vya pale chini huenda vinaingia, mbuyu wenyewe hauingii. Mibuyu ya Kunduchi inanufaika kwa ujirani na makaburi. Sheria ya Misitu ya 2002 inampa waziri uwezo wa kutangaza miti kuwa ya hifadhi, lakini huwezi kuisubiri njia hiyo wakati dalali ameshaanza kuleta wateja. Na wateja wapo: tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe 2016, mtu anayefanya kazi Posta hasiti tena kununua kiwanja Kigamboni.

Kulikuwa pia na mizimu. Kwenye tawi la chini la mbuyu kuna vitambaa, vyeupe na vyekundu, na kwenye pango mabaki ya ubani na sarafu. Baba mdogo, mtu wa swala tano, hataki kusikia habari hizo, lakini nilimwona akilizunguka shina kwa mbali. Wapo wanaoamini kwamba hofu hii ndiyo kinga bora ya miti ya kale. Sikubaliani nao. Hofu inamzuia mwenyeji anayeujua mti. Dereva wa greda aliyetoka mkoa mwingine jana haijui, na akiambiwa atataka posho ya ziada afanye kazi. Zaidi ya hapo, dada mkubwa alipendekeza wazee wasome dua "mizimu ihamie" ili barabara ipite kwa amani. Kumbe hofu hiyo ina mlango wa nyuma.

Bei ya mita 40 kwa 40

Kuupindisha mchoro si kazi ngumu. Kompyuta inafanya kwa mchana mmoja. Ugumu ni kwamba kila mita ina bei. Ili mbuyu uishi, kuuacha kwenye kiduara cha katikati ya barabara haitoshi, ingawa ndivyo mchoraji wa kwanza alivyopendekeza alipopigiwa simu: "Tuweke raundi abauti, itapendeza." Itapendeza kwa miaka michache. Mizizi ya mbuyu husambaa mbali kuliko matawi yake, na mingi haiendi chini sana. Ukileta kifusi ukashindilia kwa roli, ukachimba mtaro wa maji upande mmoja na shimo la choo upande wa pili, hujaugusa mti lakini umekata chakula chake. Mbuyu haukwambii mapema kwamba unakufa. Una akiba ya maji ndani, utatoa majani msimu huu na ujao, kisha siku moja unaporomoka wote kama rundo la katani iliyolowa.

Tulikubaliana eneo la mita 40 kwa 40 lisilojazwa wala kujengwa, mita za mraba 1600. Viwanja vya mchoro vilikuwa kama mita za mraba 600 kila kimoja. Pamoja na kona za barabara iliyopinda, hesabu ikashuka kutoka viwanja 43 hadi 40. Hapo kikao kikanyamaza.

Katika vile 43, viwanja 42 vilikuwa vya kugawana: kila fungu sita, maana yake kila dada sita na kila kaka kumi na viwili. Kile cha 43 kilikuwa cha kuuza ili kulipia upimaji na ada. Sasa vitatu havipo. Nani apunguziwe? Baba mkubwa alizungumza kwa kirefu kuhusu urithi wa mababu na heshima ya ukoo, ila kila ilipofika kwenye viwanja vyake kumi na viwili aliagiza chai. Mwishowe shangazi akasema: "Toeni viwili kwangu. Nibaki na vinne na mbuyu wangu. Upimaji changeni fedha taslimu."

Wakakubali haraka mno. Nami nasema wazi, mgawanyo huo haukuwa wa haki. Mbuyu unaotambulisha ukoo mzima umelipiwa na mwenye fungu dogo, wakati wenye kumi na viwili wametoa mchango wa fedha sawa na wengine. Niliwaambia mbele yao. Mjukuu aliyeniita akanikanyaga mguu chini ya meza, na baba mkubwa akasema mambo ya mirathi niwaachie wenyewe. Alikuwa na haki ya kusema hivyo.

Jina kwenye hati

Lililobaki ni hati ya lile eneo iandikwe nini. Njia zilikuwa tatu na kila moja ina kasoro yake.

Kuliacha kama eneo la wazi la umma kulikuwa rahisi kuliko zote na hakugharimu kitu. Ila aliyeishi Dar anajua maeneo ya wazi yanavyopungua: leo ni uwanja wa watoto kuchezea, kesho kuna kontena la duka, keshokutwa pana msingi wa nyumba. Njia ya pili, ambayo mimi niliipigia debe, ni kuliweka wakfu au chini ya wadhamini waliosajiliwa RITA, wakala wa serikali wa usajili na udhamini, ili lisirithiwe wala kuuzwa. Shangazi alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniambia: "Mwanangu, mimi nimetoa viwanja viwili. Unataka niwe mlinzi wa mti, hati iandikwe majina ya wanaume watatu wa msikitini?" Sikuwa na jibu zuri. Wadhamini aliotajiwa na kaka zake wote walikuwa wanaume.

Ikabaki ya tatu: hati kwa jina lake, lakini matumizi yaandikwe bustani badala ya makazi. Inaonekana ndogo, na watu wengi hawaisomi sehemu hiyo ya hati kabisa. Kumbe ndiyo yenye meno. Mwenye hati haruhusiwi kubadili matumizi kwa kupenda. Anaomba, tangazo linatolewa, majirani wanapata nafasi ya kupinga, halmashauri inaamua. Watoto wa shangazi wakitaka kuuza kesho wataweza, lakini mnunuzi atakuwa amenunua bustani, na bei itakuwa ya bustani. Haizuii kila kitu. Inampunguzia mtu hamu, na kwa mti hamu ya mnunuzi ndiyo hatari kubwa.

Mchoro wa pili ulipita. Afisa mipango miji alitaka maelezo ya ile kona ya barabara, akapewa picha ya mbuyu una majani na ukubwa wa shina, akaridhika. Laiti kampuni ya kwanza ingetuma mtu shambani kwa bodaboda, viwanja vingepangwa kuuzunguka mbuyu tangu mwanzo, na naamini hasara ingekuwa kiwanja kimoja, si vitatu. Kuuingiza mti kwenye mchoro uliokwisha kuchorwa siku zote ni ghali zaidi.

Kwa viwanja vinne vinavyopakana na bustani tuliandika masharti ndani ya mkataba wa mauzo: mnunuzi asichimbe shimo la maji machafu upande wa mbuyu, asichomee taka kwenye pango lake, na taa za nje zielekee chini. Sharti la taa ndilo lililoleta vicheko. Maua ya mbuyu hufunguka usiku, meupe, yananing'inia, na wanaoyachavusha huku kwetu ni popo. Mteja mmoja aliposikia neno popo alichukua mkoba wake akaondoka. Mwingine aliuliza tu kama ubuyu unaodondokea uani kwake ni wake, shangazi akamwambia anaweza kula lakini si kuuza.

Linalonisumbua sasa liko nje ya ekari zile 9. Mbuyu mmoja peke yake hauzai sawasawa. Kwa kawaida unahitaji chavua ya mbuyu mwingine. Iliyo karibu ni miwili, kwenye shamba la jirani upande wa bondeni, na jirani naye yuko mbioni kupima. Anachorewa na kampuni nyingine. Nimekwenda na kifaa, nimechukua kodineti za mashina yote mawili kwa ruhusa ya mwenye shamba, nimempelekea mchoraji wao pamoja na picha za wakati wa majani. Mwenye shamba anasema hana tatizo, ilimradi viwanja visipungue.